Tablo ya Pombe ya Mama Grâce

Mwaka 2003 ulipokuwa bado mchanga, mtu yeyote wa mtaa wa Mudzipela angekuambia kwamba kuwa fundi wa umeme Bunia ni kazi ya wendawazimu. Umeme ulitoka kwenye mtambo wa mtoni, ukapita porini juu ya nguzo ambazo nusu yake zilikuwa zimelala, ukafika mjini ukipenda. Ukikaa asubuhi moja watu walishukuru. Ukipotea wiki nzima hapakuwa na wa kuulizwa, kwa sababu kila mkubwa aliyeingia madarakani alikuwa na bunduki zake za kushughulikia kwanza. Na katikati ya wazimu huo aliishi Jérôme, mtu wa miaka hamsini na kidogo, bisibisi mfukoni mwa shati, ambaye bado aliamini kwamba waya zikifungwa vizuri mambo yatakwenda vizuri. Maskini Jérôme. Angekuwa fundi mbovu, labda leo angekuwa anapata usingizi.

Kazi alijifunzia katika karakana ya mgodi kule Mongbwalu, enzi ambazo mitambo ilinguruma mchana na usiku na umeme haukukatika. Mkubwa wake wa kazi alikuwa mzee mkali asiyecheka, aliyefundisha kwa kugonga vichwa. Usishike waya kabla ya kuzima. Usiamini neno la mwenzako kwamba amezima. Kila mashine na taa yake nyekundu: taa ikiwaka, mashine iko kazini, mkono uwe mbali. Jérôme alifunga tablo za namna hiyo, zile mbao za swichi na taa za kuendeshea mashine, mpaka mikono yake ikawa inafanya kazi yenyewe huku mdomo unapiga soga. Kisha mgodi ukalegea, mishahara ikakauka, vita vikaja, na yeye, mke wake Félicité na binti yao Grâce wakateremka Bunia na kile kilichobebeka kichwani.

Mjini, aliyelisha nyumba alikuwa Félicité. Alipika mandrakpa, pombe ya mahindi na muhogo, na alijua kuipika. Mahindi aliyalowesha, akayafunika kwa majani ya migomba mpaka yakachipua, akayaanika, akayatwanga. Hicho ndicho kimea. Halafu yanakuja maji ya moto, na hapo ndipo wapishi wengi walipoharibu. Maji yakichemka kabisa, kimea kinakufa na unabaki na uji. Yakiwa vuguvugu tu, pombe inachacha vibaya na kunuka. Félicité hakuwa na kipimo isipokuwa mkono wake: aliuzamisha, akauacha kidogo, akautoa, akasema bado, au akasema sasa. Watu walikuja kwake kutoka pande zote. Hata wale waliokuwa hawasalimiani tena kwa sababu ya vita walikaa uani kwake, huyu kwenye benchi hili, yule kwenye lile, wakanywa bila kutazamana.

Lakini pipa moja la pombe lilikula kuni kama moto wa mbugani, na kuni ndizo zilikuwa taabu. Makaa hayakuingia tena mjini, barabara zilikuwa zimefungwa. Miti ya karibu ilikwisha siku nyingi. Kuni zilizobaki zilikuwa ng'ambo ya nyumba za mwisho, kwenye bonde la mto Shari, na huko kulikuwa na watu wenye mapanga. Watu gani? Kila mtu Bunia alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na jina la kabila ndani yake. Hapa jina hilo halitaandikwa, limeshaua vya kutosha. Mwanaume akikutwa bondeni alihesabiwa mpiganaji na kuuawa papo hapo. Mwanamke, walisema watu, huenda akapita. Huenda! Mji mzima ulikuwa unapika chakula chake kwa neno hilo moja, na wanaume walikaa nyumbani wakingoja wake zao na midomo imewakauka.

Jérôme aliona aibu ile ikimla. Kila mara Félicité alipotoka na wenzake, kamba begani na kitambaa cha ngata kichwani, yeye alisimama mlangoni na kujifanya anatengeneza kitu. Akirudi salama, alimkaripia kwa kuchelewa, maana hakujua namna nyingine ya kusema kwamba roho ilikuwa imemtoka. Siku moja wanawake wawili wa mtaa wa jirani hawakurudi. Jioni hiyo alimwambia mkewe kwamba atamtengenezea mashine ya kupikia pombe kwa umeme, na kwamba hatakanyaga bondeni tena.

"Papa Grâce, weye na waya yako," Félicité alimcheka. "Kuni ilisha. Kesho nitaenda na bamama wengine."

"Hapana kwenda. Nipatie siku kidogo."

"Na hiyo siku kidogo tutakula nini? Waya?"

Hata hivyo alimpa siku hizo. Alichoma benchi moja la wateja, akachoma na kitanda cha zamani, akasubiri.

Jérôme hakuwahi kufanya kazi kwa moyo namna ile tangu atoke mgodini. Mlinzi wa tanuri moja la mikate lililoporwa alimruhusu kuchukua alichokikuta, na alikuta vyuma viwili vya kuchemshia maji, rezistansi, bado vizima. Alipata na contacteur, ile swichi kubwa inayovutwa na sumaku, imejaa unga na kinyesi cha panya. Aliifungua yote, akaisugua kwa mswaki, akaifunga tena. Kwenye jokofu bovu alitoa thermostat, kile kifaa cha kupima joto, akahangaika nayo sana, akijaribu kwenye sufuria huku Félicité amezamisha mkono pembeni, mpaka chombo kile kikaacha kupasha mahali palepale ambapo yeye anasema sasa. Mlango wa kabati ukawa ubao wa tablo. Kitufe cha kijani cha kuwashia, kitufe chekundu cha kuzimia.

Kuhusu usalama alikuwa msumbufu hasa. Pipa la chuma, maji na umeme, na mwanamke asiyevaa viatu: hayo hayakumtoka kichwani. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akasimika nondo ndefu, akaizungushia makaa na chumvi, akafunga waya mnene kutoka pipani hadi kwenye nondo ili umeme ukivuja uzame ardhini usimguse mtu. Akakataa kuwasha chochote mpaka apate disjoncteur, kile kifaa cha kukata umeme mambo yakiharibika. Lucien, rafiki yake mchomeleaji vyuma, alimwambia asijisumbue, Bunia nzima wanafunga waya kavu, bila kifaa hicho, na hawafi wote. Jérôme aligoma. Alizunguka hadi akapata kimoja kilicholetwa kutoka soko la Ariwara ndani ya gunia la sabuni.

Ilibaki taa. Tablo bila taa nyekundu kwake haikuwa tablo, na maduka yaliyouza taa yalikuwa yameporwa hadi misumari. Nyumba ilikuwa na globu moja tu, ikining'inia sebuleni. Swichi yake haikuzimwa kamwe, sawa na kwa kila mtu Bunia: unaiacha hivyohivyo, umeme ukirudi taa inawaka yenyewe, na nyumba nzima inajua. Jérôme alipanda kiti akaichomoa. Aliipaka rangi ya kucha ya Grâce mpaka ikawa nyekundu.

"Nyumba iko na taa moja, na weye unaiondosha," Félicité alisema. "Sasa tutajua namna gani kama courant imekuya?"

"Mutaona pale pa tablo," Jérôme alijibu bila kugeuka. Alikuwa na skurubu katikati ya meno na mikono yote ndani ya waya.

Walijaribu Jumapili, baada ya misa. Kipaza sauti cha kanisa la jirani kililia ghafla, watoto wakapiga kelele, umeme umekuja. Jérôme aligusa tablo kwa bisibisi yake ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, akaitikia kwa kichwa kwamba ni mwingi wa kutosha. Akabonyeza kijani. Klak! Taa nyekundu ikawaka, pipa likaanza kuimba taratibu. Walikaa wote watatu mbele yake kama watu wanaotazama mtoto aliyelala. Maji yalipofikia moto wake mashine ikajizima yenyewe, na Félicité akazamisha mkono.

"Ee Mungu wangu!" alisema. "Hii kitu inajua mukono yangu!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kavira, jirani yao aliyeuza chumvi na ndiye mwenzake wa kwenda kuni, aliitwa kuja kuona, akazunguka pipa lile mara nyingi akitafuta moto uko wapi. Jérôme alisimama pembeni mikono kiunoni, na uso wake ulikuwa wa kijana. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze alijiona ni mwanaume katika nyumba yake.

Aliwapa amri moja tu, na aliitoa kwa ukali, Félicité na Grâce wakiwa wamesimama mbele yake. Umeme wa Bunia mara nyingine ulikuja dhaifu, na umeme dhaifu, kitufe kikibonyezwa, huifanya contacteur itetemeke mpaka koili yake, ule waya wa sumaku, iungue.

"Kama courant haiko, ao iko kidogo, musiguse hiyo bouton. Hata mara moja. Koili ikiungua, ingine haiko mu Bunia."

Wakasema ndiyo, wamesikia. Na kweli walikuwa wamesikia.

Basi nyumba ile ikapumua. Félicité alipika mara kadhaa bila kijiti kimoja, na kila mara ilitokea Jérôme yupo nyumbani, maana kazi za mjini zilikuwa chache. Yeye ndiye aliyepima kwa bisibisi, yeye ndiye aliyebonyeza. Mke wake alikaa kando na kimea chake, akimtania kwamba sasa amepata mpishi. Kidonda cha ngata kichwani mwake kilianza kupona. Alikuwa akijipaka mafuta pale jioni, na siku moja aliimba wimbo wa huko kwao ambao Jérôme alidhani ameusahau. Mbaya ni kwamba Jérôme alifurahi. Mtu akifurahi wakati wa vita huacha kuangalia nyuma yake.

Halafu umeme ukapotea kwa muda mrefu, na katika kupotea huko kimea kikakomaa. Mahindi yalikuwa mengi kuliko kawaida, akiba yao yote. Kimea hakingoji mtu. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeanza kukitia ukungu pembeni, na Félicité alikuwa akikigeuzageuza kwenye mkeka, akikinusa, akinuna. Siku ile ilikuwa lazima apike au atupe.

Asubuhi Jérôme aliitwa na Lucien kumsaidia kuchomelea geti la parokia. Alitoka mapema, akamwacha mkewe anatwanga. Hawakuagana kwa lolote la maana. Félicité alimwambia arudi na chumvi.

Alikuwa hajamaliza kunywa chai karakanani kwa Lucien wakati mashine ya kuchomelea ilipotoa mlio wake. Umeme! Lucien alivuta miwani yake haraka, cheche zikaruka. Jérôme naye aliruka kwa furaha. Laini iliyolisha karakana ile ndiyo hiyohiyo iliyopanda Mudzipela, alikuwa na hakika nayo, aliwahi kuitengeneza kwa mikono yake.

"Saa hii nyumbani wanapika," alisema.

"Basi rudia nyumbani, shemeki yangu asikose wa kumubonyezea bouton."

"Hapana, anajua. Kila kitu nilimufundisha."

Na akabaki. Alishika geti huku Lucien anachomelea, akaeleza tena habari ya thermostat ya jokofu, habari ambayo Lucien alishaisikia hadi kichwa kikamuuma. Umeme haukukatika asubuhi nzima. Ulikuwa mwingi, imara, kama wa Mongbwalu enzi zile. Geti lilipokwisha alinunua chumvi akapanda nyumbani bila haraka, akitarajia kunusa kimea kuanzia barabarani.

Hakunusa kitu. Jikoni pipa lilikuwa baridi, limejaa maji, na kimea kilikuwa pembeni kwenye beseni, kimefunikwa vizuri. Grâce alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mrefu, mwenye aibu, mwenye mikono ya mama yake.

"Mama iko wapi?"

"Alienda kuni."

"Kuni?" Jérôme alidhani hakusikia vizuri. "Kuni ya nini? Courant iko tangu asubuhi!"

"Haiko, papa." Grâce alisimama. "Mama alinituma niangalie pa tablo. Niliangalia mara mingi. Pa kanisa walikuwa wamezima kipaza sauti, na majirani walikuwa ku soko. Taa haikuwaka. Alingojea, alingojea, kisha akasema kimea itaoza. Akaenda na Mama Kavira na wengine."

Jérôme alivuka jiko, akachomoa bisibisi, akaigusa tablo. Kitaa ndani ya mpini kikawaka, kikali. Akabonyeza kijani. Klak. Taa nyekundu ikawaka, na pipa likaanza kuimba.

Alielewa hapohapo, yote kwa mara moja. Aliifunga taa baada ya contacteur, kama alivyofundishwa, kama alivyofunga maisha yake yote. Kule mgodini umeme haukukatika, kwa hiyo hakuna aliyehitaji taa ya kumwambia umeme upo. Taa ilisema mashine iko kazini. Taa yake ilikuwa inangoja kitufe kibonyezwe ndipo iwake. Na yeye ndiye aliyekataza kitufe kisiguswe kabla ya umeme kuja. Mdomo wake ulimwambia mkewe mtaona pale pa tablo, na mikono yake, saa ileile, ikafunga taa kwa namna ya Mongbwalu. Yeye mwenyewe hakugundua, kwa kuwa siku zote alipima kwa bisibisi. Félicité alikuwa amekaa mbele ya umeme tele asubuhi nzima, akitazama globu yake mwenyewe iliyopakwa rangi ya kucha, akisubiri iwake kama ilivyokuwa ikiwaka sebuleni.

Alikimbia. Alipita nyumba za mwisho bila viatu, sandali zilimtoka njiani. Kwenye kizuizi askari walimkamata, wakamrusha chini, wakamuuliza anakimbilia kwa nani huko. Alisema mke wangu. Walimwambia akae, na walikuwa na bunduki, akakaa. Kando yake walikuwa wamekaa wanaume wengine wawili watatu ambao nao walikuwa na wake zao bondeni. Jérôme alijua kwamba jikoni kwake maji sasa yamefikia moto unaotakiwa.

Wanawake walirudi wakikimbia, hawana mizigo, wametawanyika, mmoja hapa mwingine kule. Kavira alikuwa kati ya wa mwisho, kitambaa hakipo, mguu unatoka damu. Alipomwona Jérôme alijaribu kugeuza uso.

"Walitokea mu majani," alisema. "Kila mutu alikimbia njia yake. Papa Grâce, nilimuita. Nilimuita sana. Hakujibu."

Kesho yake padri alitembea mbele na kitambaa cheupe, na wanaume wakaruhusiwa kumfuata. Walimkuta. Namna walivyomkuta haitasemwa. Walimzika siku hiyohiyo, haraka, kama walivyozikwa wote wakati ule, na watu wakampa Jérôme mkono wakisema ni vita, papa, ni vita tu, utafanya nini. Alikubali kila mkono. Neno hilo lilikuwa pana, mtu angeweza kuingia ndani yake na dhambi yake nzima na kuketi humo hadi kufa, hakuna ambaye angemtafuta.

Halafu watu wakaanza kuleta kuni. Ndiyo desturi. Mtu haendi matangani mikono mitupu, anabeba kuni, kwa kuwa watu watakaa uani siku kadhaa na moto ni lazima uwake. Kuni hazikuwepo, lakini walizipata. Mmoja alikata mparachichi wake. Mwingine alivunja uzio, akaja na nguzo zake begani. Lucien alileta ngazi ya karakanani, ameipasua vipandevipande. Kavira alichechemea na mlango wa choo chake. Waliziweka chini kwa heshima karibu na jiko, na rundo likapanda mpaka kiunoni. Jérôme alilitazama, na hasira ilimpanda hadi akashika ukuta. Zilikuwa wapi? Wiki zote hizi, Félicité alipokuwa akichoma kitanda chake, kuni hizi zote zilikuwa wapi? Alitaka kuwafukuza wote. Badala yake aliwaambia aksanti.

Honoré, kaka yake Félicité, ndiye aliyesimamia mambo ya matanga. Alikuja jikoni, akaona beseni la kimea, akachota kidogo kwa kidole na kukionja.

"Pembeni iko na ukungu, lakini katikati iko muzuri bado," alisema. "Shemeki, dada yangu alipikia watu wote hapa pombe. Hatuwezi kumulilia kwa maji. Grâce atapika hii mama yake aliacha. Na machine yako iko, courant iko. Utamusaidia."

Jérôme alijibu sawa. Tangu alfajiri ya siku ile alikuwa ameshafungua tablo na kuhamisha waya wa taa. Ilikuwa kazi ya kulegeza skurubu na kukaza nyingine, kazi ambayo uji haungepoa kabla haijaisha. Ndio uliomtoa machozi, wepesi wake. Sasa taa ilikuwa inawaka bila kuguswa, nyekundu, umeme ulipo ipo.

Grâce aliingia amejifunga kitenge cha mama yake. Alisimama mbele ya tablo muda mrefu.

"Papa," alisema. "Ile siku, jua ilikuwa inapiga pale pa ubao. Labda taa ilikuwa inawaka na miye sikuona muzuri."

Jérôme aliirudisha bisibisi mfukoni.

"Mama aliniuliza mara ya mwisho akiwa na kamba mu mukono. Nilikuwa ninasikia uvivu kusimama. Niliangalia tu kutoka mulangoni. Nilimuambia, mama, haiwake." Alikuwa analia bila sauti. "Ni miye, papa. Nilimutuma."

Hapo Jérôme alijaribiwa. Tusimfanye malaika. Ilipita kichwani kwake kwamba mtoto ni mdogo, atasahau, na kwamba huyu ndiye mtu wa pekee aliyebaki duniani wa kumwita papa. Angeweza kumshika kichwa na kumwambia ni vita, kama walivyomwambia yeye. Angeamini, au angejifanya anaamini, na wangekaa pamoja.

"Uliona muzuri," alisema. "Taa haikuwaka. Courant ilikuwa, lakini taa haikuwaka, juu ya vile nilifunga waya mubaya. Ni miye nilifunga. Weye haukukosa kitu."

Grâce alimtazama. Alichukua muda kuelewa, na Jérôme aliona alipoelewa, kwa kuwa machozi yalikoma.

"Ulituambia tutaona pa tablo."

"Niliwaambia."

"Na ulituambia tusiguse."

"Ndiyo."

Jérôme alisubiri binti yake apige kelele. Alitamani ampige. Msichana alijifuta uso kwa pembe ya kitenge, kisha akainamia pipa na kuanza kuchota maji yale, ndoo kwa ndoo, akiyatoa nje uani. Jérôme alinyosha mkono kumsaidia. Grâce aliihamishia ndoo upande wa pili, pasipo hasira, kama unavyompisha mtu usiyemjua.

Uani alipanga mafiga matatu, akaweka juu yake pipa la zamani lililokuwa jeusi kwa masizi, akamimina maji. Kavira alimuuliza kwa nini anajitesa kwa moshi na machine ya baba yake ipo. Grâce aliinama kwenye rundo, akachukua nguzo za uzio, akachukua mlango wa choo, ngazi, mparachichi, akawasha. Maji yalipopata moto alizamisha mkono, akauacha kidogo, akautoa.

Jérôme alibaki jikoni peke yake na taa ile nyekundu. Kuni zilitosha pombe yote, na nyingi zikabaki.